Presha si Ugonjwa wa Mabosi: Ada ya Somo Hili Mbeya na Iringa Tulishalipa

  Nimekaa kimya kama wiki tatu hivi, na wengine mmeniandikia kuuliza nimepotelea wapi. Nilikuwa msibani Mafinga. Baba mdogo wangu ametutoka. Miaka 47.

Sijaja hapa kuwalilia. Nimekuja na hoja, maana pale msibani niliona mambo yaliyoninyima usingizi, na nikasema haya lazima niyaandike.

Iko hivi. Baba mdogo alikuwa fundi kwenye kiwanda cha mbao. Mtu wa kazi, hana kitambi, hajawahi kulazwa. Alfajiri moja alikuwa anavaa viatu aende kazini, akaanguka. Upande wa kulia wote ukalegea, mdomo ukapinda, akawa anaongea maneno hayaeleweki. Siku ya tatu akafariki. Kabla hata kaburi halijachimbwa, kesi ilishasikilizwa na hukumu kutoka: "Huyu karushiwa kitu." Na mshitakiwa alishapatikana, jirani ambaye mwaka jana waligombana naye kuhusu mpaka wa shamba. Usiku wa pili wa matanga kuna vijana walishaanza kujikusanya pembeni waende "kumsalimia" huyo mzee. Mnaoijua mikoa yetu mnaelewa salamu ya namna hiyo inaishia wapi.

Kilichotuokoa ni shangazi. Alikuwa anatafuta kitambulisho cha marehemu kwenye pochi, akakuta kikaratasi kimekunjwa mara nne, wino umeanza kufifia. Kimeandikwa tarehe ya miaka miwili nyuma, halafu 190/115, halafu chini: "Arudi baada ya wiki mbili." Shangazi akatoka nacho nje, akawasomea wale vijana kwa sauti. Mke wa marehemu ndipo akasema, kumbe dawa alipewa, akameza mwezi mmoja, akajisikia mzima, akaacha. Hakurudi tena kliniki.

Wale vijana wakakaa chini. Lakini mmoja akauliza swali ambalo hakuna mtu pale aliyeweza kulijibu: "Sasa hizo namba ndo zinamaanisha nini?"

Wadau, hilo ndilo swali langu la leo. Jamaa ana diploma, anajua msimamo wa Ligi Kuu kwa kichwa, anajua simu gani ina kamera ya megapikseli ngapi, lakini namba mbili ambazo zingeweza kumuokoa baba yake hazijui. Na sio yeye peke yake. Mie mwenyewe ilibidi nikasome.

TULISHAWAHI KUAMSHWA, TUKALALA TENA

Mnakumbuka usiku wa Machi 17, 2021. Makamu wa Rais wa wakati ule, Mama Samia Suluhu Hassan, alitokea kwenye televisheni akalitangazia taifa kwamba Rais John Magufuli amefariki jioni ile katika hospitali ya Mzena, Dar es Salaam. Akasema ni maradhi ya moyo, tatizo la mapigo ambalo Rais alikuwa nalo kwa zaidi ya miaka 10. Akaeleza kuwa Machi 6 Rais alilazwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, akaruhusiwa, kisha Machi 14 akajisikia vibaya akapelekwa Mzena.

Wengine waliamini, wengine hawakuamini, na kuna wanaobishana hadi leo. Mie siingii huko. Ninachokumbuka ni kwamba kwa wiki kama mbili hivi nchi nzima ilikuwa inaongelea moyo. Kwenye daladala za Mwanjelwa, kwenye vijiwe vya Miyomboni, kila mtu alikuwa daktari. Halafu tukazika, tukarudi kwenye mambo yetu. Hakuna aliyesema, "Jamani, kama ugonjwa huu umeingia Ikulu, hebu na sie tukapime."

Na tatizo lenyewe lililotajwa wala si gumu kulielewa. Moyo una umeme wake mdogo unaouamrisha upige kwa mpangilio. Umeme huo ukivurugika, vile vyumba vya juu vya moyo badala ya kubana vinatetemeka tetemeka. Damu inazubaa mle ndani, na damu ikizubaa inaganda. Bonge la damu iliyoganda likichomoka likapanda kichwani, linaziba mshipa, mtu anapata kiharusi. Mara nyingi presha iliyoachwa miaka mingi ndiyo inayouchosha moyo hadi umeme wake uvurugike. Kwa hiyo tunarudi pale pale kwenye namba mbili.

MOYO NA MTO RUAHA

Twende pole pole. Kunja ngumi yako. Moyo wako una ukubwa kama huo, na uzito wa kama gramu 300. Una vyumba vinne, viwili kulia, viwili kushoto. Damu iliyochoka inarudi upande wa kulia, inasukumwa kwenye mapafu, inapata hewa safi, inarudi upande wa kushoto, halafu upande wa kushoto unaisukuma mwili mzima, toka utosini hadi kidole gumba cha mguu. Kati ya vyumba kuna milango inaitwa vali, inafunguka upande mmoja tu ili damu isirudi nyuma. Ule mdundo unaousikia kifuani ni sauti ya milango hiyo inafungwa.

Mtu mzima ana damu kama lita tano. Ukiwa umekaa tu hapo kwenye kiti, moyo unazizungusha zote kwa dakika moja hivi. Kwa siku unapiga kama mara laki moja. Hauna likizo, hauna sikukuu. Na watu wamechelewa sana kuyajua haya: Ibn al-Nafis wa Cairo alieleza safari ya damu kwenda mapafuni katika karne ya 13, na Mwingereza William Harvey alichapisha kitabu chake kuonyesha damu inazunguka mwili mzima mwaka 1628. Kabla ya hapo wasomi wakubwa wa Ulaya waliamini damu inatengenezwa kwenye ini halafu inaishia mwilini kama maji ya kumwagilia bustani.

Kama unataka picha ya karibu, uchukulie Ruaha Mkuu. Vijito vinashuka kutoka milima ya huku Mbeya na Njombe, vinaingia bonde la Usangu, vinakutana Ihefu, mto unakatiza Hifadhi ya Ruaha kule Iringa, unaingia bwawa la Mtera, halafu Kidatu. Mtera megawati 80, Kidatu 204. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 mto ule ulikuwa unatiririka mwaka mzima. Kuanzia 1993 ukaanza kukauka hifadhini kila kiangazi, maana huku juu maji yalikuwa yanachepushwa kwenye mashamba ya mpunga na mengineyo. Kiboko anakufa kwenye tope Ruaha, na aliyemuua yuko mbali kabisa, wala hajawahi kumuona.

Mwili ndo uko hivyo hivyo. Mshipa unaharibika sehemu moja, kilio kinasikika kwingine. Tofauti ni kwamba mto unaendeshwa na mteremko, damu inaendeshwa na pampu. Nguvu ambayo damu inaisukuma nayo kuta za mishipa ndiyo presha. Kila mtu ana presha, asiyekuwa nayo ni maiti. Kwa hiyo ukimwambia mtu "una presha" hujamwambia kitu. Mwambie ni ngapi.

Namba ya juu ni nguvu iliyopo pale moyo unapobana. Namba ya chini ni nguvu inayobaki pale moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Kama 120 kwa 80 uko salama. Ikifika 140 kwa 90 na kuendelea, ikapimwa tena siku nyingine ikawa vile vile, hilo ni shinikizo la juu la damu. Baba mdogo alikuwa 190 kwa 115. Hebu fikiria bomba la nyumbani linaloletewa maji kwa nguvu karibu mara moja na nusu ya inayotakiwa, usiku na mchana, miaka miwili. Siku likipasuka utasema jirani karoga?

HALAFU HALIUMI

Hapa ndipo penye mtego wote. Malaria inakutikisa, jino linakuamsha usiku, lakini presha haiumi. Mtu anatembea na 180 anacheza bao, anapanda mlima, anachapa kazi. Kichwa kuuma ama kizunguzungu wengi hawana kabisa. Ndiyo maana mtu akipewa dawa anameza wiki mbili, anajiona mzima (na alikuwa anajiona mzima hata kabla), anaacha. Dawa haimalizi presha. Inaishusha leo, na kesho inabidi uishushe tena.

Wakati wewe unajiona mzima, huku ndani kazi inaendelea. Kuta za mishipa zinakakamaa na kuwa nene. Mshipa wa kichwani ukiziba au ukipasuka ni kiharusi. Mishipa inayolisha moyo wenyewe ikiziba ni shambulio la moyo, kifua kinabana kama kimewekewa gunia, jasho la baridi, maumivu yanashuka mkono wa kushoto au kupanda kwenye taya. Moyo uliosukuma kwa nguvu kupita kiasi miaka kumi unatanuka na kulegea, mtu anavimba miguu, analala amekaa kwa sababu akilala chali anakosa pumzi. Figo nazo zinachujia damu kwenye vimishipa vidogo sana, nazo zinachakaa. Magonjwa manne kwenye viungo tofauti, na chanzo kinaweza kuwa kimoja.

Na kuna hii habari ya "presha ya kushuka". Huku kwetu kila anayelegea anaambiwa presha imeshuka, anakorogewa maji ya chumvi. Presha kushuka kweli kupo, kwa mtu aliyepoteza maji au damu nyingi kwa mfano. Lakini wengi wanaoambiwa hivyo hawajapimwa. Anaweza kuwa na upungufu wa damu, anaweza kuwa na njaa, na anaweza kuwa ana presha ya 170 halafu wewe unamuongezea chumvi. Mashine kwanza, chumvi baadaye.

Sasa usije ukasema haya ni ya wazee. Kuna ugonjwa wa moyo ambao ni wa vijana hasa. Mtoto anaugua koo, mafindofindo, haponi vizuri kwa sababu hakupata dawa sahihi. Mwili unapigana na wale vijidudu, halafu kwa baadhi ya watoto unakosea shabaha, unashambulia vali za moyo. Miaka inapita, msichana ana 20, akipanda ngazi anahema, akipata ujauzito ndo hali inakuwa mbaya kabisa. Vali imeharibika, anatakiwa upasuaji. Taasisi ya Jakaya Kikwete iliyoanza kazi 2015 pale Muhimbili imepunguza sana kupeleka watu India, hilo tuipongeze. Lakini toka Mbeya hadi pale ni zaidi ya kilomita 800. Koo la mtoto lilitakiwa kutibiwa Chimala au Ilula, kwa dawa ya bei ya kawaida kabisa.

ASILIMIA MOJA HAIFIKI

Sasa twende kwenye takwimu kidogo, msichoke. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwapima watu wazima wa miaka 25 hadi 64. Ulikuta karibu 26 kati ya kila 100 wana shinikizo la juu. Robo nzima. Kwenye Coaster ya abiria 28 hao ni saba.

Lakini takwimu inayonitisha zaidi ni ya zamani, ya utafiti uliochapishwa mwaka 2000, uliofanyika Ilala kule Dar na kijiji cha Shari, Hai, mkoani Kilimanjaro. Mjini na kijijini matokeo yalikaribiana, karibu watatu kati ya kumi wana presha ya juu. Kwa hiyo ile hadithi kwamba ni ugonjwa wa mabosi wa mjini ilishakufa zaidi ya miaka 20 iliyopita, sisi tu ndo hatujapewa taarifa ya msiba. Halafu angalia hii: kati ya wenye presha, waliojijua hawakufika 20 kwa 100. Waliokuwa kwenye dawa ni kama 10 kwa 100. Na ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa kweli, hata mmoja kwa 100 hakufika.

Kuna mtu atasema huo ni wa zamani, mambo yamebadilika. Sawa, yamebadilika. Lakini baba mdogo alijua, akapewa dawa, na bado amekufa. Kujua peke yake hakutoshi.

Mnakumbuka pia 2011, kikombe cha Babu. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kijiji cha Samunge, Loliondo. Shilingi 500 kikombe kimoja. Foleni ya magari kilomita na kilomita, mawaziri nao wamo. Kikombe kilisemekana kinaponya kisukari, presha, Ukimwi, pumu, vyote. Huku kwetu nako mabasi yalijaa. Babu mwenyewe alifariki Julai 2021, Mungu amrehemu. Mie simsemi vibaya marehemu. Nasema hivi: watu hawakwenda Loliondo kwa ujinga. Walikwenda kwa sababu waliahidiwa kunywa MARA MOJA. Hakuna anayependa kuambiwa "utameza hii kila siku mpaka ufe". Kikombe kilishindana na kidonge cha kila siku, na kwa presha kilikuwa na mashabiki rahisi zaidi, maana aliyekunywa na aliyekuwa hajanywa wote walijisikia vile vile.

SOMO AMBALO TULISHALIPIA

Sasa nakuja kwenye hoja yangu hasa.

Kama kuna watu Tanzania hii wanaojua kuishi na ugonjwa wa kudumu, ni sisi wa Nyanda za Juu Kusini. Utafiti wa Ukimwi wa 2003–04 ulipotoka, Mbeya iliongoza nchi nzima, zaidi ya 13 kati ya 100, na Iringa inaifuata nyuma nyuma. Hadi utafiti wa 2022–23, Njombe (ambayo hadi 2012 ilikuwa Iringa) ilikuwa asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati taifa zima ni 4.4. Kila mmoja wetu alizika. Kila ukoo una watoto waliolelewa na bibi.

Lakini tazameni tulichojenga toka dawa za bure zilipoanza 2004. Kuna kliniki ya CTC hadi vituo vya vijijini. Kuna kadi yenye tarehe ya kurudi, na usiporudi kuna mtu anakupigia simu au anakuja nyumbani kukuuliza kulikoni. Kuna washauri ambao wenyewe ni wagonjwa, wanakwambia "hata mie nilitaka kuacha, nisikilize". Vidonge vinahesabiwa. Na lililo kubwa kuliko yote, bibi wa kijijini Ludewa ambaye hajamaliza darasa la nne anaelewa kabisa jambo moja zito: kwamba unaweza kujisikia mzima na bado unatakiwa kumeza dawa leo. Hiyo elimu tuliinunua kwa makaburi. Tusiniambie tena watu wetu hawaelewi.

Sasa mpe huyo huyo bibi ugonjwa wa presha. Kadi ya kumfuatilia hana. Hakuna anayempigia simu. Dawa anajinunulia mwenyewe duka la dawa, akikosa hela anaruka wiki. Hakuna kikundi. Kwenye kikaratasi wameandika "arudi baada ya wiki mbili" na hapo serikali na familia wote tumenawa mikono.

Na kibaya zaidi, watu ni wale wale. Dawa za Ukimwi zimewapa watu umri. Aliyekuwa afe akiwa na miaka 32 sasa ana 52, anasomesha wajukuu. Katika umri huo presha inabisha hodi kama kwa mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo tunaye mama aliyepambana na virusi miaka 18 bila kuruka kidonge hata kimoja, virusi havionekani kwenye damu, halafu anaangushwa na kiharusi ambacho kidonge cha kawaida kingekizuia. Anatoka CTC na mfuko wa dawa bure, chumba cha pili tu kuna mashine ya presha, na hakuna aliyemwambia anyooshe mkono. Ule mlango kati ya vyumba viwili ndo ninaoulilia mie.

Najua mtaniuliza: hela itoke wapi? Ukimwi ulilipiwa na Wamarekani. Kweli kabisa, na Januari 2025, Trump alipositisha misaada, tuliona wenyewe jinsi mfumo unavyotikisika ukiwa umeegemea mfuko wa mtu mwingine. Sipendekezi tukapige magoti tena kwa ajili ya presha. Nasema gharama kubwa ilishalipwa: majengo yapo, wahudumu walishafundishwa kufuatilia, wananchi walishazoea kadi. Dawa za kawaida za presha kama amlodipini ni za siku nyingi, viwanda kibao vinazitengeneza. Ninavyomnunulia shangazi kwa mwezi, haifikii hela ninayomaliza mie kwenye vocha. Na Bunge lilishapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote Novemba 2023. Kuna swali la kumuuliza mbunge wako. Muulize: je, dawa ya presha ya kila mwezi imo, na inapatikana zahanati ya kijiji chetu au mpaka nipande basi kwenda hospitali ya rufaa? Ugonjwa wa kila siku unatibiwa karibu na nyumbani, la sivyo hautibiwi.

WEWE ULIYEKAA KAFE

Najua wasomaji wangu wengi mna miaka 20 na kitu. Mnanisoma hapa huku mnasubiri kuprinti barua ya maombi ya kazi, na mkitoka mnapitia chipsi mayai na soda. Siwahubirii, mie mwenyewe chipsi nazila. Ila chumvi inayoshauriwa na Shirika la Afya Duniani kwa siku nzima haizidi gramu tano, yaani kijiko kimoja cha chai, na humo imo ya kwenye mboga, kwenye mkate, na ile unayonyunyizia juu kabla hata hujaonja. Sigara inabana mishipa. Ulanzi na konyagi vikizidi vinapandisha presha. Zamani tulitembea toka Kihesa hadi sokoni, siku hizi ni bodaboda hadi kwa jirani.

Lakini kazi kubwa ninayowatuma leo si ya kwenu wenyewe. Ni ya wazazi. Wewe ndo mwenye simu na macho ya kusoma namba. Nenda na baba au mama wakapimwe. Akae dakika tano kwanza, asiwe ametoka kubeba ndoo, mkono uwe umeegemea meza. Andika namba kwenye simu yako. Kama iko juu, rudini siku nyingine. Kama amepewa dawa, weka ukumbusho, mpigie kila wiki umuulize, "Mama, umemeza?" Kuwa wewe mhudumu wa CTC wa nyumba yenu.

Na siku ukimuona mtu uso umepinda upande mmoja, mkono mmoja hauinuki, maneno yanavurugika, angalia saa. Usimpake mafuta, usimpe maji wala aspirini, maana hujui kama mshipa umeziba au umepasuka, na anaweza kupaliwa. Usimsubirie mganga. Tafuta gari, hospitali, muda ule ule, na uwaambie ilianza saa ngapi. Sie tulipoteza asubuhi nzima tunabishana.

Nimalizie na hili. Siku ya kuanua tanga niliazima mashine ya presha kwa dada mmoja ni nesi, tukaweka meza chini ya mti. Mwanzoni watu walikuwa wanatania, baadaye ikawa foleni. Wale vijana wa usiku ule nao wakapima, na mmoja wao, miaka 26, alitoka na 150 kwa 95, akaacha kucheka. Karibu na jioni akaja yule jirani. Alikuwa hajakanyaga pale msiba mzima. Akasimama mbali, halafu akasogea, akavua koti, akakunja shati, akanyoosha mkono. Shangazi akamvutia kiti, akamwambia, "Kaa kwanza dakika tano, baba."

Namba yake sitaitaja. Ila tarehe ya kurudi kliniki ameiandika shangazi, na simu atapiga yeye.

Wadau, kwenu kuna nani mwenye kikaratasi kama kile kwenye pochi? Na je, mnaonaje hili la CTC na presha kuwa chumba kimoja? Wahudumu wa afya mlioko Mbalizi, Rujewa, Makambako, Mafinga, tuambieni ukweli wa huko mliko. Uwanja ni wenu.